Wimbi Dogo Mdomoni mwa Mkondo

Nahodha wa pwani ya Lindi hahitaji kuambiwa kwamba maji yanayotoka horini wakati wa kupwa si ya kuchezea. Siku za bamvua bahari hupwa mita tatu na zaidi, na maji yote yaliyojaa huko nyuma katikati ya mikoko hutafuta pa kutokea. Mlango ni mmoja, tena mwembamba. Yakifika hapo hukaza mwendo, yakishatoka hukuta maji mapana yaliyotulia. Kandokando ya mkondo huo, pale maji yanayokwenda yanapopakana na maji yaliyosimama, huzaliwa mawimbi madogo ambayo nimeyafanyia kazi tangu ujana hadi leo mvi zimeniingia.

Wahandisi huuita mkondo wa namna hiyo jeti, yaani maji au hewa inayofoka kutoka katika tundu na kuingia katika maji au hewa iliyotulia. Maji ya horini ni jeti. Hewa ya moto inayotoka nyuma ya injini ya ndege ni jeti, na gesi inayoachiwa kutoka kwenye bomba ni jeti pia. Nimebahatika kuzishughulikia zote tatu, na aliyenifungua macho ni mjomba wangu.

Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa na mashua ya kuchukua chumvi na nazi baina ya Kilwa Kivinje, Mchinga na Lindi. Likizo za shule nilifuatana naye. Kazi yangu ilikuwa kufua maji na kushika kamba nikiamriwa. Tukifika kwenye mlango wa hori maji yakiwa yanatoka, hakuingia kwa pupa. Aliteremsha tanga, akaizuia mashua pembeni kwa pondo, akatulia kutazama. Mimi macho yangu yalikuwa mbali mbele, kwenye povu na maji yanayozunguka, maana ndiko kulikotisha. Akanigusa bega.

"Huko usikutazame, mwanangu. Huko kumeshavurugika. Tazama hapa panapoanzia."

Akanionyesha matunda ya mkoko, yale marefu yaliyochongoka, yakielea. Yalitoka mlangoni yamejipanga mstari mmoja ukingoni mwa mkondo. Mbele kidogo mstari ukaanza kupinda huku na huku, upindaji usioweza kuuona usipoonyeshwa. Mbele zaidi ukapinda sana, ukajikunja, matunda yakaanza kuzunguka mafungu mafungu, na kila fungu lilikuwa mbali na lenzake kwa nafasi iliyokaribia kulingana. Kisha fungu la nyuma likalifikia la mbele, yakazungukana, yakawa fungu moja kubwa. Baada ya hapo hapakuwa na mafungu tena. Yalibaki maji machafu ya matope na povu, na matunda yametapakaa kila upande.

"Haya maji yanakuja kwa zamu," mjomba alisema. "Likishapita kubwa, nyuma yake pana nafasi, na sisi tunapita hapo. Lakini zamu zenyewe hazilingani. Ukihesabu kwa mazoea utapinduliwa."

Masomo yangu yote ya baadaye yalikwenda katika kuyatafutia maneno hayo namba.

Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuta kwamba watu wamelihangaikia jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Helmholtz, mwanafizikia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1868, na Lord Kelvin akafuata mwaka 1871, kwamba tabaka mbili zinazopishana kwa kasi tofauti haziwezi kudumu zimetulia. Kikunyanzi kidogo tu mpakani kinatosha. Maji yanayopita juu ya kikunyanzi hulazimika kwenda kasi zaidi, presha hapo hushuka, na kikunyanzi huvutwa kwenda juu. Kikishakua, nguvu inayokivuta nayo imekua. Mwaka 1880 Lord Rayleigh alionyesha sharti la jambo hilo: mchoro wa kasi, ukiuchora kutoka katikati ya mkondo hadi ukingoni, lazima uwe na mahali unapogeuza mkunjo wake. Jeti yoyote inayo sehemu hiyo, na ndiyo sababu jeti haitulii. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alipitisha rangi ndani ya bomba la kioo huko Manchester, akauona uzi wa rangi ukinyooka, kisha kasi ilipozidi ukavunjika na kuenea bomba zima.

Hesabu ya mwanzo wa wimbi ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Wimbi likiwa dogo hukua kwa uwiano, yaani kinachoongezeka hutegemea kilichopo. Tuseme kikunyanzi cha milimita 1 kinaongezeka mara mbili kila baada ya mita moja ya safari. Baada ya mita 10 hesabu inasema kimevuka mita nzima. Kila wimbi huhesabiwa peke yake, wimbi refu halilijui wimbi fupi, na mkondo unaoyabeba huchukuliwa kuwa haubadiliki. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Tatizo ni kwamba maji hayakubali kwenda mita zote hizo kwa utaratibu huo. Wimbi likishakua, nguvu yake linaichota kwenye mkondo wenyewe. Mkondo unapungua kasi, ukingo wake unapanuka, na ule mpaka mkali uliolizaa wimbi unalegea. Wimbi limeanza kula chakula kilichokuwa kikililisha. Mrusi Lev Landau aliandika mlinganyo wa hali hiyo mwaka 1944, na Mwingereza J. T. Stuart akautoa moja kwa moja kutoka kwenye kanuni za mwendo wa maji mwaka 1960. Tena mawimbi mawili yakishakuwa makubwa hayapishani kimya: moja la mara 5 kwa sekunde na jingine la mara 4 kwa sekunde huzaa la mara 9 na la mara 1. Yale mafungu mawili ya matunda ya mkoko yaliyozungukana na kuwa moja ni sehemu ya habari hiyohiyo. Winant na Browand waliyachunguza maungano ya namna hiyo kwenye maji yaliyotiwa rangi, wakachapisha mwaka 1974.

Mtu wa Lindi asiyetaka kusikia habari za maabara anaweza kuiona hesabu isiyo ya uwiano katika hori lake mwenyewe. Wimbi kuu la kupwa na kujaa huchukua saa 12 na dakika 25 hivi kutoka kilele hadi kilele. Likiingia kwenye maji ya kina kidogo na kusambaa kwenye mikoko, huzaa wimbi jingine la nusu ya muda huo, saa 6 na dakika 12 na ushei. Wimbi hilo la pili likijumlika na la kwanza, kujaa na kupwa havifanani tena. Katika mahori mengi yenye mikoko maji huingia taratibu kwa muda mrefu na kutoka kwa haraka kwa muda mfupi. Kwa hiyo jeti ya kupwa ina nguvu kuliko ile ya kujaa, na kwa hiyo mjomba aliiogopa zaidi safari ya kuingia wakati maji yanatoka. Atakayekata mikoko ya nyuma atabadilisha mkondo wa mlangoni hata asipogusa mlango wenyewe. Jambo hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakipanga mambo ya mlangoni na mambo ya mikokoni katika vikao viwili tofauti.

Narudi kwenye zamu. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Crow na Champagne, waliweka kipaza sauti nyuma ya jeti ya hewa wakaitikisa kwa milio ya aina aina. Jeti ile, yenye msukosuko mkubwa, ilikuwa na mlio inaoupenda: ukichukua kasi ya jeti ukaigawanya kwa kipenyo cha tundu, kisha ukazidisha kwa 0.3, unapata idadi ya mawimbi kwa sekunde yanayokuzwa kuliko mengine yote. Tundu la sentimita 10 lenye hewa ya mita 100 kwa sekunde hutoa mawimbi 300 kwa sekunde. Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilichukua kalamu nikaweka mlango wa hori wa mita 40 na maji ya mita 1 kwa sekunde. Jibu lilikuwa zamu moja kila baada ya dakika mbili na sekunde 13 hivi. Hori si tundu la mviringo, lina kina kidogo, na chini kuna mchanga unaoyashika maji, kwa hiyo jibu hilo ni la kukadiria tu. Hata hivyo ni muda uleule ambao mjomba alikuwa akikaa na pondo lake mkononi, akingoja.

Miaka mitatu baada ya Crow na Champagne, Brown na Roshko huko California walipiga picha za gesi mbili zinazopishana kwa kasi tofauti. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba msukosuko ukishakomaa ni vurugu tupu, na kilichobaki ni kuhesabu wastani wake. Picha zilionyesha magurudumu makubwa ya gesi yamepangana vizuri katikati ya vurugu hiyo. Yalikuwapo siku zote. Mtu akipiga picha ya muda mrefu, au akipima na kuchukua wastani, magurudumu yanafutika na kubaki ukungu laini unaopanuka kwa pembe moja. Vitabu tulivyosomea vilikuwa vimejaa michoro ya ukungu huo, na wengi wetu tulihitimu tukiamini kwamba ndiyo sura ya jeti.

Nilikwenda Uingereza kwa shahada ya juu, nikapewa kazi ya kukokotoa mawimbi ndani ya jeti ya hewa na sauti yanayoitoa. Utaratibu wake ni huu. Unachukua mkondo wa wastani uliopimwa maabara, unauweka kuwa njia ya kupitia, kisha unauliza mawimbi yapi yanakua juu yake, yanafikia kilele wapi, yanafifia wapi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na namna nzuri ya kulifuata wimbi hatua kwa hatua kuteremka na mkondo bila kukokotoa jeti nzima kwa mara moja, ikaokoa muda mwingi wa kompyuta. Matokeo yangu ya mwanzo yalinifurahisha mno. Mawimbi niliyoyakokotoa yalilingana na yaliyopimwa, umbo kwa umbo, kuanzia mdomoni hadi pale kiini tulivu cha jeti kinapokwisha, kama vipenyo vitano hivi mbele. Hesabu ya uwiano, ile nyepesi, ilifanya kazi ndani ya msukosuko ambao kwa haki isingepaswa kuuweza.

Kisha nikaiuliza hesabu hiyohiyo sauti. Jeti inayokwenda kasi kuliko sauti haina shida: tangu mwaka 1984 Tam na Burton walikwishaonyesha kwamba wimbi linaloipita sauti kwa kasi hutoa kelele yake moja kwa moja, na hesabu inaipata vizuri. Lakini jeti ya polepole kuliko sauti, kama zilivyo nyingi, ilinigomea. Mawimbi yalikuwa sahihi, sauti iliyotoka kwao ikawa chini mno ya ile iliyopimwa. Sikuwa peke yangu. Watafiti wa Ufaransa, Brazili na Marekani walikuwa wakigonga mwamba uleule, na Peter Jordan na Tim Colonius waliieleza hali hiyo kwa kirefu katika tathmini yao ya mwaka 2013.

Jibu lilikuwa katika kutolingana kwa zamu. Mawimbi yanayopita kwa utaratibu, yakikua na kufifia mahali palepale kila mara, hufutana sauti: kinachosukumwa na kilele kinavutwa na bonde linalofuata, na kwa mbali husikii kitu. Sauti hutoka pale utaratibu unapovunjika. Fungu la mawimbi huinuka ghafla, la pili linakatika njiani, la tatu linaungana na jirani mapema kuliko ilivyotarajiwa, na ile mizani ya kufutana inaharibika. Uharibikaji huo unatokana na mawimbi kuingiliana na kuubadilisha mkondo unaoyabeba. Mtu aliyehesabu wimbi la wastani amelipata wimbi, lakini kelele imemponyoka, kwa sababu kelele iko katika tofauti kati ya zamu na zamu.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mjomba, wakati huo ameshaacha bahari na macho yamepungua nguvu. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsimulia kwa maneno ya kawaida. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huko nako hayalingani," alisema. Akauliza kama chai yangu imepoa.

Kazi iliyonirudisha pwani ni gesi. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ikangoja miaka 30 kabla ya bomba kuifikisha Ubungo mwaka 2004. Mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara likazinduliwa nalo, likakutana na tawi la Songo Songo huko Somanga. Kwenye mitambo ya namna hii kuna wakati wa kuondoa gesi ndani ya kipande cha bomba ili mafundi wafanye kazi kwa usalama. Huachiwa kupitia mlingoti wa bomba kwenda juu hewani. Presha ya ndani ikiwa karibu mara mbili ya presha ya nje au zaidi, gesi hutoka mdomoni kwa kasi ya sauti, na ikishatoka bado ina presha ya ziada inayojipanua na kujibana kwa zamu, ikitengeneza vyumba vya mishtuko vilivyopangana kimoja baada ya kingine.

Niliitwa kwenye kituo kimoja ambacho mlingoti wake mdogo ulikuwa unapiga mluzi. Mngurumo wa kawaida ulikuwapo, lakini juu yake kulikuwa na mlio mmoja mkali uliopenya hata vizuia sauti vya masikioni, na watu wa kijiji cha karibu walikuwa wameulalamikia. Fundi mmoja, kijana wa huko huko, alisimama nami tukiangalia saa ya presha wakati gesi inatolewa. Alikuwa amegundua jambo ambalo ripoti za kituo hazikuliandika.

"Injinia, sikiliza. Presha inashuka, mbona mluzi unapanda?"

Kweli ulikuwa unapanda, tena si kwa kuteleza tu. Ulipanda kidogo kidogo, kisha ukaruka ghafla hadi mlio mwingine, ukakaa, ukapanda tena, ukaruka tena, kisha ukazimika kabisa na kubaki mngurumo. Sikupata kuusikia kwa uwazi namna ile hata maabara.

Maelezo yake yalikwishatolewa na Alan Powell mwaka 1953. Wimbi dogo linazaliwa mdomoni mwa bomba. Linakua likiteremka na mkondo. Likivigonga vile vyumba vya mishtuko linatoa sauti. Sauti hiyo inasafiri nje ya jeti kurudi nyuma hadi mdomoni, inautikisa mkondo pale pale unapotoka, na wimbi jipya linazaliwa likiwa limepewa mapigo na lile lililotangulia. Mzunguko umefungwa. Presha ikishuka vyumba vinakuwa vifupi, safari ya kwenda na kurudi inapungua, na mluzi unapanda. Lakini mzunguko una njia zaidi ya moja ya kujifunga, na hali ikishapita mpaka fulani huiacha njia moja na kushika nyingine bila kupita katikati. Hakuna uwiano hapo. Mtu aliyepima mluzi kwenye presha mbili akachora mstari kuziunganisha angekuwa amechora kitu kisichokuwapo.

Tiba tuliifanyia mdomoni. Gesi ilipokwisha na kibali kikapatikana, tulikishusha kipande cha juu cha mlingoti, mchomeleaji akaweka vibati viwili vidogo kwenye ukingo wake, vimechungulia ndani ya njia ya gesi kiasi kidogo sana. Vilitosha kuyavuruga mawimbi kabla hayajajipanga. Siku ya kutoa gesi tena, mngurumo ulikuwapo, mluzi haukuwapo. Mngurumo nao una dawa yake, na hesabu yake iliwekwa wazi na James Lighthill mwaka 1952: nguvu ya sauti ya jeti ya polepole kuliko sauti hukua kwa kipeo cha nane cha kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, sauti huongezeka mara 256. Ukichukua jeti hiyohiyo ukapanua eneo la mdomo mara mbili ili kasi ishuke nusu, sauti inabaki sehemu 1 kati ya 128. Sijui hesabu nyingine ya uhandisi inayolipa kiasi hicho kwa kipande cha bomba.

Msomaji anayetaka kuiona tiba ya mdomoni kwa macho yake aende uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, aitazame Boeing 787 ya Air Tanzania, aina iliyoingia nchini Julai 2018. Ukingo wa nyuma wa ganda la injini yake umekatwa meno kama msumeno. Meno hayo yapo kwa ajili ya mawimbi haya haya. Yanachanganya hewa ya pembeni na hewa ya jeti mapema, mpaka mkali unalegea, mawimbi makubwa hayapati nafasi ya kujipanga, na kelele inapungua kabla haijazaliwa.

Na juu ya vichwa vyetu upo mkondo wa namna hiyo uliotulea. Mwaka 1969 J. Findlater, akitumia vipimo vya maputo ya hali ya hewa, alichapisha habari za mkondo mwembamba wa upepo unaopita kaskazini mwa Madagaska, ukavuka ikweta juu ya nyanda za mashariki ya Kenya na Somalia, ukaendelea hadi Bara Hindi, nguvu zake zikiwa kwenye mwinuko wa kilomita moja na nusu hivi. Ni moyo wa kusi. Mwaka 1982 Mkenya J. H. Kinuthia na mwenzake Asnani wakaeleza mkondo mwingine unaobanwa katika bonde la Turkana. Majahazi ya Kilwa yalikwenda Arabuni kwa kusi karne nyingi kabla ya mtu kuandika mlinganyo wake.

Ninayoyasema haya si ya kujifurahisha. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Kila kalvati lililojaa maji ya mafuriko ni jeti, na udongo wa upande wa chini huchimbwa na vilele vya msukosuko kuliko wastani wake. Huko Likong'o, Lindi, pametengwa eneo la kiwanda cha kugandisha gesi iwe kimiminika. Kikijengwa kutakuwa na gesi ya kuachiwa, maji ya kumwagwa, na vyombo vya kuongozwa kwenye mikondo ya ghuba ambako mto Lukuledi hutoa maji yake ya masika.

Niliwahi kupewa ripoti ya mikondo kwa ajili ya gati dogo katika pwani hii. Kasi zake zote zilikuwa wastani wa saa nzima. Hori lenye zamu za dakika mbili, wastani wa saa moja umemeza zamu zaidi ya 25, kubwa na ndogo, na ile kubwa ndiyo inayokata kamba. Chombo cha kupimia kilikuwa kizuri na kilikuwa kimerekodi kila kitu; mtu aliyeandaa ripoti ndiye aliyetupa. Wavuvi waliokuwa wakifunga mitumbwi yao mita chache kutoka hapo wangemweleza, kama angewauliza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahandisi watakaokabidhiwa kazi za pwani ya Kilwa na Lindi, na kwa vijana wanaozisomea sasa hivi. Wekeni vipimo mdomoni, pale mkondo unapotokea, kabla haujavurugika. Hifadhini rekodi yote ya sekunde kwa sekunde, masika na kiangazi, bamvua na maji mafu, muiweke mahali ambapo mwanafunzi wa Lindi anaweza kuifungua bila kuomba ruhusa ya mtu. Na kabla ya kuchora mstari wa kwanza wa hesabu, kaeni na manahodha waliobaki, muwaulize wanapita saa ngapi na wanangoja nini. Wengi wao ni wazee sasa.